Zima Injini Ukifika

Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho. Gereji, mtaani na kwenye mashindano walimwita Baridi, na hata yeye akipiga simu alijitaja hivyo hivyo: "Ni mimi, Baridi." Wengi walidhani aliitwa hivyo kwa sababu ya uchache wa maneno yake. Wapi! Jina alilipata ujanani, siku alipofungua mtungi wa gesi bila glavu, gesi ikamgandisha vidole mpaka ngozi ikachubuka kama ganda la kitunguu. Bwana mkubwa wa gereji alimshika mkono, akaruka nyuma. "Huyu baridi kama maiti!" Wenzake wakacheka hadi wakashika mbavu, na jina likanata kama grisi.

Gesi ile ile iliyomchubua ndiyo iliyokuja kumlisha. Mafundi wa magari ya mbio huiita nosi. Yenyewe haiwaki. Lakini ukiipeleka ndani ya injini, joto huivunja, nayo huachia hewa ya kuunguzia petroli, nyingi kuliko ile ambayo injini ingeweza kuvuta kwa mapafu yake. Gari lililokuwa linakwenda huruka. Hapo ndipo wajinga huishia kujua. Fundi anajua zaidi ya hapo: kila gesi inayoingia lazima isindikizwe na petroli yake. Petroli ikipungua hata kidogo, moto huwa mkavu na mkali, huanza kutafuna plagi, kisha huhamia kwenye pistoni. Kwa hiyo kazi yote ya kutegesha nosi ni kuoanisha matundu mawili ya shaba, yaani jeti: moja la gesi, moja la petroli, kila moja jembamba kama tundu la sindano. Baridi alikuwa na jeti zake kwenye kisanduku chenye vyumba vyumba, kama vifungo vya fundi cherehani, na alizijua kwa kuzigusa.

Gereji yake ilikuwa katika safu ya karakana nyuma ya ghala la mabati. Upande mmoja paliuzwa betri. Upande wa pili alikuwa mama mmoja aliyeshona viti vya magari, ambaye watu walimwita Mama Viti, na cherehani yake ilinguruma kutwa nzima nyuma ya ukuta. Baridi alizoea kusema, katika siku zake za kusema, kwamba hiyo ndiyo injini pekee mtaani isiyohitaji fundi.

Siku zake za kusema zilikuwa siku za mke wake. Yule mwanamke alikuwa mwingi wa maneno kama redio ya kinyozi, na Baridi alipenda hivyo, kwa sababu mume wa mwanamke msemaji hahitaji kutafuta la kusema, anaitikia tu. Ndugu wa mke, mdogo wake wa kumfuatia, ndiye aliyekuwa dereva. Alikuwa mwembamba, mrefu, hana subira hata ya kusubiri chai ipoe, nao wakamwita Mshale. Watatu hao walikuwa na gari moja kuukuu la milango miwili, waliloling'oa viti vya nyuma na kulitia injini kubwa kuliko tumbo lake, wakawa wanakwenda nalo kwenye uwanja wa ndege wa zamani ulioachwa, ambako chama cha wapenda mbio kilipanga mashindano ya mstari ulionyooka. Magari mawili, taa inawaka kijani, robo maili, basi. Unapiga chafya, yameshapita.

Kila mmoja alikuwa na mahali pake. Baridi alisimama pale pa kuanzia. Mshale alikuwa ndani. Na mke alikuwa mwisho wa njia, peke yake na pikapu, mbali kiasi kwamba kutoka mwanzoni alionekana kama kijiti chenye kitambaa.

Hakuwa kule kwa kutazama. Plagi ya gari la nosi ni shahidi, lakini ni shahidi msahaulifu. Kaure yake nyeupe hubeba rangi ya moto uliowaka ndani, na fundi akiiangalia anajua kama injini ilishiba petroli au ilikuwa na njaa. Sharti ni moja: injini izimwe pale pale inapomaliza mbio, ikiwa bado kwenye nguvu zote. Ukirudi nayo taratibu ikinguruma, moto mdogo wa kurudi unafuta habari ya moto mkubwa, na plagi haina tena la kukuambia. Kwa hiyo Mshale akishavuka mstari alitakiwa kuzima, gari lijiendee lenyewe hadi lisimame, na dada yake aje na pikapu. Alikuwa akimpigia kelele tangu asubuhi, mbele za watu, kama anamwagiza dukani: "Zima injini ukifika! Umesikia, we mtoto? Zima!" Naye Mshale, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, alijibu, "Ndiyo, dada."

Kule mwisho dada mtu alizifungua plagi zikiwa bado moto, akazipanga kwenye trei ya mayai kwa mpangilio wa silinda zake, akalivuta gari kwa kamba hadi kwa mumewe. Hakusubiri aulizwe. "Wa tatu ana homa," alisema akishuka. "Wengine wazima. Huyu wa tatu mpe kinywaji." Baridi aliinua plagi ya tatu juani, akaigeuza, akakuta ni kweli. Akaenda kwenye kisanduku chake kutafuta jeti ya petroli iliyo pana zaidi kidogo. Ndivyo walivyopendana wale, ukitaka kujua.

Kisha mke akaugua. Ulikuwa ugonjwa wa tumboni ambao madaktari waliutambua ukiwa umeshaota mizizi, na msimu wa mbio ulipoanza tena hakuwapo. Binti yao, aliyekuwa akifanya kazi ya maabara katika mji mwingine, alikuja kuzika, akakaa mpaka likizo yake ikaisha, akaosha nguo zote za mama yake na kuzikunja. Siku ya kuondoka alisema, "Baba, twende wote. Chumba kipo." Baridi akajibu kwamba kuna injini ya mtu iko mezani, akiimaliza atakwenda. Injini hiyo aliimaliza. Ikaja nyingine. Fundi hakosi injini.

Nyumbani aliishi katika chumba kimoja kati ya vitatu. Alikula akiwa amesimama. Jioni aliwasha redio, akaipunguza sauti mpaka maneno yasisikike, ubaki mvumo tu wa mtu anayeongea chumba cha pili.

Na pikapu akawa anaiendesha yeye. Mke alikuwa mfupi, na kiti alikisogeza mbele kabisa, karibu na usukani. Baridi alikuwa na miguu mirefu. Angeweza kukirudisha kiti nyuma kwa kuvuta chuma kimoja tu. Hakukirudisha. Aliendesha magoti yakiwa yamebanwa chini ya usukani, shingo imeinama, na kila asubuhi alipoegesha, Mama Viti alimtazama akijinasua.

"Fundi, unaendesha kama panzi," alimwambia siku moja. "Lete nikirekebishe hicho kiti. Dakika tu."

"Kiko sawa."

"Kiko sawa kwa nani?"

Baridi akafunga mlango wa pikapu. Mama Viti akamwekea kikombe cha chai juu ya ukuta mfupi, akarudi kwenye kazi yake. Kutoka ndani akapaza sauti: "Ukuta wetu ni mmoja, mwenzangu, lakini kwako hata mende wameacha kuongea!" Baridi alicheka kidogo, peke yake, akanywa chai. Kikombe alikirudisha kikiwa kimeoshwa, akakiweka ukutani na kuondoka kabla mwenyewe hajatokea.

Yeye na Mshale walirudi kwenye mbio kwa sababu hawakujua jambo jingine la kufanya pamoja. Walizungumza habari za gari na si nyingine. Siku ya kwanza, Mshale alivuka mstari, akageuza, akarudi na gari likinguruma mpaka kwenye kivuli cha turubai lao. Baridi alifungua plagi. Zilikuwa na rangi moja ya kijivu, zimenyamaza.

"Ungeizima kule, shemeji," alisema.

"Nani angenivuta?"

"Ningekuja na pikapu."

Mshale alivua kofia yake ya chuma taratibu, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu amedondosha humo. "Aa, usijisumbue," alisema. "Gari linarudi lenyewe."

Baridi hakusisitiza. Fundi yeyote angesisitiza, angegomba, angeficha ufunguo. Yeye aliitikia kwa kichwa, na moyoni akajihisi kama mtu aliyesamehewa kazi ngumu. Kule mwisho wa njia hakuwa amefika tangu msiba, na hakutaka kufika. Kwa hiyo akawa anategesha kwa kukisia: kwa mlio, kwa harufu ya moshi, kwa uzoefu. Uzoefu ni mali, lakini hata mpishi mzoefu huonja.

Msimu ule palikuwa na gari moja jekundu lililowashinda mara kwa mara, kila mara kwa urefu wa boneti. Mshale hakuweza kulala kwa ajili ya boneti hiyo. Alikuja gereji mchana mmoja, akakaa juu ya tairi, akaanza kutikisa goti.

"Tuongeze gesi."

"Kiasi gani?"

"Jeti mbili juu."

Baridi alikuwa akisafisha vali ya umeme, ile inayofungua njia ya gesi dereva anapokanyaga mpaka mwisho. Aliendelea kusafisha. "Petroli sijui kama itafika," alisema. "Pampu imechoka. Sijaona plagi iliyosema kweli mwaka huu."

"Umeshaanza uoga."

"Siyo uoga."

"Basi ni nini? Sema, shemeji! Gombana na mimi hata mara moja! Dada alikuwa akisema ukikataa kitu, yeye anajua kwa jinsi unavyoshika spana. Mimi sijui kusoma spana. Mimi nakaa hapa naongea na kabati."

Cherehani ya jirani ilinyamaza. Baridi alijua kwamba hapo ndipo pa kusema. Kulikuwa na maneno, tena alikuwa nayo kooni yamejipanga: kwamba yeye pia anaongea na kabati, kwamba hataki kuzika ndugu wa pili, kwamba twende kule mwisho wote wawili tukazime injini tujue tulipo. Lakini kumwambia moja kungemlazimu kuyasema yote, na hakuona pa kuanzia. Alinyoosha mkono, akafungua kisanduku, akachukua jeti ya gesi iliyo pana zaidi, na ya petroli aliyoikisia kuwa inaitosha.

"Haya," alisema.

Mshale akaondoka ameridhika nusu. Baridi akarudisha taimingi nyuma kidogo, ili cheche ichelewe kidogo na moto usije kwa pupa. Akafunga plagi za baridi zaidi, zinazopoza ncha zao haraka. Pampu akaisikiliza. Ilivuma. Kuvuma si kusukuma, alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote pale mtaani.

Siku ya mbio jua lilikuwa kali na watu walijaa kando ya njia. Baridi aliuvalisha mtungi blanketi lake la umeme mpaka geji ikafika pale anapopapenda, kwa kuwa mtungi ukipoa gesi hulegea. Akafunga mkanda wa Mshale, akauvuta mara mbili. Mshale akapuliza gesi kidogo nje kuondoa hewa kwenye mirija. Wingu jeupe likaruka juu ya boneti na watu wakashangilia. Gari jekundu likasogea kando yao. Taa zikashuka hadi kijani.

Mwanzo ulikuwa mzuri kuliko wote wa msimu ule. Gari liliinua pua na kwenda, jekundu likabaki nyuma yake, na kelele za watu zikapanda. Lakini Baridi hakuwa akitazama gari. Alikuwa amefumba macho. Mlio wa injini inayoshiba ni mzito. Huu ulikuwa mzito mpaka nusu ya njia, halafu ukaanza kukonda. Ukakonda, ukawa mwembamba kama nguo inayochanwa. "Achia," alisema, kwa sauti ya kawaida, kama vile Mshale yuko mezani mbele yake. "Achia mguu."

Kishindo kilikuja baadaye kidogo, kikavu. Boneti iliruka juu ikapinduka kama karata, moshi ukafuata, na gari likaendelea kuteleza limenyooka mpaka likapotea upande ule wa mbali.

Baridi hakukumbuka kuingia kwenye pikapu. Alikumbuka magoti yake yakigonga usukani na nyasi za kando ya njia zikipita, watu wakiruka kumpisha. Alikwenda kule asikotaka kwenda, tena kwa kasi.

Moto haukuwapo, ni moshi tu. Mshale alikuwa ameshatoka. Alikuwa amekaa chini kwenye lami iliyopasuka, kofia ya chuma pembeni, mikono mizima, miguu mizima, akilia waziwazi kama mtoto. Baridi alisimamisha pikapu, akajinasua, akamwendea, akamshika kichwa, akamgeuza huku na huku.

"Umeumia wapi?"

"Sijaumia."

"Sema ukweli."

"Sijaumia, shemeji. Nimeona pikapu inakuja." "Nimekaa hapa, nikaona pikapu inakuja, nikajua ni yeye. Si kudhani. Nilijua. Nikajiandaa kusemwa."

Baridi akakaa chini kando yake. Lami ilikuwa ya moto.

"Ndiyo maana huzimi," alisema.

"Nitazimaje? Ukizima hapa kuna kimya, we acha tu. Kuna kimya halafu unasubiri. Mwili unasubiri wenyewe. Mara ya kwanza nilizima, hukujua wewe. Nilikaa ndani nikisubiri mlango wa pikapu ufunguke. Sikuweza. Nikawasha, nikarudi." Alijifuta kamasi kwa mkono wa ovaroli. "Na wewe hukuja kuuliza."

"Sikutaka kufika hapa."

"Nilijua."

"Kama ulijua kwa nini hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Walitazamana, na kwa namna fulani wakacheka, kicheko kibovu kisicho na pumzi, wanaume wawili wazima chini ya jua, na wasimamizi wa mbio waliofika na mitungi ya kuzimia moto wakasimama mbali kidogo wasijue wasogee au wasubiri.

Baadaye Baridi alifungua plagi, kwa mazoea tu. Nne zilikuwa zimeliwa ncha zote. Pistoni mbili zilikuwa zimetoboka. Ungeweza kupitisha kidole. Injini ilikuwa imezimika pale pale ilipopasuka, ikiwa na nguvu zake zote, na plagi zilisema kila kitu kwa uwazi: njaa ya petroli, pampu, jeti ya kukisia. Hakuwa na trei. Alizitia mfukoni zikiwa bado za moto, zikamuunguza paja, akaziacha zimuunguze.

Walifunga kamba. Baridi akaendesha pikapu, Mshale akashika usukani wa gari lililokufa nyuma yake, na njia yote ya kurudi mjini, kila mmoja akiwa peke yake ndani ya chombo chake, waliangaliana kupitia kioo kimoja kidogo.

Ungetarajia kwamba baada ya siku ile wangeshibana zaidi. Haikuwa hivyo, au haikuwa kwa namna unayoitarajia. Mshale hakuendesha mbio tena. Alipata kazi ya kuendesha lori la mafuta, safari ndefu za kuvuka mipaka, na akasema inamfaa, kwa sababu kwenye lori unatakiwa kuwa peke yako na hakuna anayekushangaa. Alikuja kuaga gereji akiwa na begi moja. Walisimama mlangoni.

"Utapata dereva mwingine," alisema Mshale.

"Nitapata."

"Akuzimie injini lakini."

"Nitamwambia."

Walipeana mikono, halafu Mshale akamkumbatia ghafla, kwa pupa, kama alivyofanya kila kitu, akaenda zake. Gari kuukuu lilibaki chini ya turubai nyuma ya gereji. Mpaka leo halina injini.

Baridi alitegesha magari ya wengine. Aliwaambia wote, kwa sauti iliyowashangaza waliomjua, kwamba wakifika wazime, na kwamba atakuja kuwachukua yeye mwenyewe. Siku za mbio sasa alisimama kule mbali na si mwanzoni tena. Hakukuwa na kivuli wala watu. Upepo ulipita juu ya lami, na kelele za upande ule zilifika zikiwa zimechelewa. Alizoea. Hakupazoea kwa kupapenda, alipazoea kama mtu anavyozoea jino lililong'oka, ulimi ukipita pale kila mara.

Mama Viti alimshonea kiti cha ofisini kutokana na mabaki ya ngozi, akamletea bila kuombwa. Baridi alimshukuru, na siku iliyofuata akasimama ukutani kikombe mkononi, akakaa pale muda mrefu kuliko kawaida yake, akitafuta la kusema. Alipolipata lilikuwa juu ya sindano za cherehani. Mama Viti alilijibu kana kwamba ni swali zuri.

Binti alipiga simu kila wiki. "Baba, utakuja lini?" Baridi alikuwa ameacha kusema habari za injini iliyo mezani. Alisema, "Sijui, mwanangu," na hilo angalau lilikuwa kweli.

Na Mshale alipiga, mara chache, akiwa ameegesha lori mahali fulani. Kwenye simu hawakuwa hodari zaidi kuliko walivyokuwa uso kwa uso.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Mvua huko?"

"Hakuna. Kwenu?"

"Imekatika sasa hivi."

Baridi alisikia kule upande wa pili vitone vikidondoka juu ya bati la lori, na pumzi ya mtu. Hakuna aliyekata.

"Umekula?" aliuliza Mshale hatimaye.

"Nimekula," alisema Baridi, ambaye hakuwa amekula.

"Haya. Mimi naondoka, mvua isije ikarudi."

"Nenda polepole."

Simu ikakatwa. Baridi aliiweka mezani, akanyanyuka, akaenda jikoni kuangalia kama kuna mkate uliobaki.